Lebo za Swichi na Faili Lisilopatikana: Nini Kifanyike Jinja na Mbale

Anayehamia nyumba yenye swichi za kisasa, ziwe za kugusa kwa kidole au zenye kioo kidogo kinachoonyesha maneno, mara nyingi hukuta maandishi yasiyolingana na maisha yake. Kitufe kinasema "Ofisi" na chumba chenyewe sasa wanalala watoto. Kingine kinasema "Bustani" na taa ya bustani iling'olewa siku ukuta ulipojengwa. Akimwita fundi, ataambiwa ni kazi ya dakika tano. Akimwita wa pili, ataambiwa mfumo wote ung'olewe uwekwe mpya. Wa tatu atamwomba faili la mradi, kitu ambacho mwenye nyumba hajawahi kukisikia. Majibu haya yanapogongana, watu huamua kwamba mafundi ni waongo au kwamba teknolojia hii haifai kwa miji yetu ya Uganda kama Jinja na Mbale. Yote mawili ni makosa. Kila fundi kati ya hao watatu anasema kweli kuhusu aina fulani ya mfumo, na mkanganyiko unazaliwa pale vitu vitatu vinapochanganywa: maandishi yanayoonekana, kazi ambayo kitufe kinafanya, na kumbukumbu inayoeleza kipi kimeunganishwa na kipi. Katika makala hii natetea msimamo kwamba maandishi mara nyingi yanaweza kubadilishwa bila faili, kwamba kilichopotea hasa ni kumbukumbu, na kwamba fundi anayekimbilia kupakia programu mpya juu ya ya zamani hugeuza kero ndogo ya jina kuwa nyumba isiyowaka taa.

Maandishi yamehifadhiwa wapi

Fundi makini huanza kwa kuuliza maneno yale yanakaa wapi, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kazi yote. Zipo swichi ambazo maneno yamechongwa kwenye plastiki au yamechapishwa kwenye kipande cha karatasi kilicho chini ya kifuniko kinachobanduka. Hapa programu haihusiki kabisa. Kitufe kitaendelea kutuma amri ile ile kiitwe "Ofisi" au "Watoto", na kazi ni kupima karatasi ya zamani na kuchapisha nyingine ya ukubwa huo. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, leo linaitwa Nalubaale, na kubadilishwa huko kwa jina hakukuhitaji mtambo hata mmoja uguswe.

Hali ni tofauti kabisa pale ambapo maneno ni sehemu ya mipangilio iliyopakiwa ndani ya kifaa. Mfano unaoeleza vizuri zaidi ni KNX, mfumo ulioanzia Ulaya mwaka 1990 kwa jina la EIB na ambao leo umo katika viwango vya kimataifa, ISO/IEC 14543-3. Vifaa vyake huwasiliana kwa waya mwembamba wa kijani unaobeba volti zinazokaribia 30 za mkondo mnyoofu, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na hakuna kompyuta kuu inayotawala. Swichi hutuma ujumbe wenye anwani ya kundi, tuseme 1/2/5, na kifaa chochote kilichofundishwa kusikiliza anwani hiyo hutii. Mafunzo hayo hutolewa kwa programu iitwayo ETS, inayosimamiwa na chama cha KNX chenye makao yake Brussels. Jambo ambalo wenye nyumba wengi hawaelezwi ni kwamba ETS hupeleka mipangilio kwenye kifaa lakini haiwezi kuirudisha yote. Fundi akiunganisha kompyuta yake anaweza kusoma anwani ya kifaa, jina la kiwanda, na mara nyingi anwani za makundi zilizomo. Hataona popote kwamba 1/2/5 ni taa ya veranda, kwa kuwa jina hilo halikupelekwa kwenye kifaa hata siku moja. Lilibaki ndani ya faili la mradi, na faili likipotea jina limepotea nalo.

Kati ya hizo mbili ipo njia ya katikati ambayo mafundi wengi huisahau. Baadhi ya swichi za KNX zenye kioo zinaweza kupokea maneno kama ujumbe kutoka kwa kifaa kingine, mradi aliyeuweka mfumo aliacha mlango huo wazi. Ujumbe wa namna hiyo hubeba herufi 14 tu, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Mwenye kutaka kuandika Kiswahili lazima ahesabu: "Taa sebuleni" ni herufi 12 na inaingia, lakini "Taa ya sebuleni" ni 15 na itakatwa mkia. "Chumba wageni" inaingia kwa shida, "Chumba cha wageni" haiingii. Ni jambo dogo, lakini anayelijua mapema hatalazimika kurudia kazi ya nyumba nzima.

Kwa nini faili halipo

Sababu ya kwanza ni mlolongo wa watu. Mwenye nyumba humpa kazi mkandarasi, mkandarasi humpa fundi umeme, na fundi umeme humtafuta mtaalamu wa programu, ambaye huenda ametoka Kampala au Nairobi, akafanya kazi siku chache na kuondoka. Faili linabaki kwa mtu wa mwisho katika mlolongo, ambaye mwenye nyumba hakuwahi kuonana naye wala kusaini naye chochote. Siku ya makabidhiano kila kitu kinawaka, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Wanauliza miaka baadaye, namba ya simu ikiwa haipatikani tena.

Sababu ya pili ni udhaifu wa mahali faili linapohifadhiwa. Kompyuta moja ya mkononi isiyo na nakala ya akiba inaweza kuibwa, kuungua au kulowa. Wakazi wa Mbale hawahitaji kuelezwa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu zaidi ya 20 na kuingia madukani na majumbani. Mbele ya vifo, faili la kompyuta si kitu. Hata hivyo mji ulio chini ya miteremko ya Mlima Elgon una kila sababu ya kutoweka kumbukumbu zake mahali pamoja tu.

Sababu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba nyumba huishi muda mrefu kuliko mikataba yake. Jinja inalijua hili kwa uchungu. Waasia walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, majumba yao yalipita mikononi mwa wapangaji, maofisa na Bodi ya Msimamizi wa Mali zao, na sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kurudishiwa mali, waliorudi walikuta nyumba ambazo watu wengi walikwisha kuishi ndani yake na kuzitengeneza kwa namna zao. Nyumba inapopita mikono mingi, chumba cha kulala huwa stoo, stoo huwa duka, na waya uliofichwa ukutani hauna wa kuusimulia. Teknolojia mpya haikuleta tatizo hili. Ililizidisha tu, kwa sababu waya wa zamani ungeweza kufuatwa kwa kipimo na subira, lakini uhusiano ulioandikwa ndani ya programu haufuatiki kwa macho.

Ipo pia hali mbaya zaidi ya kukosa faili, nayo ni kuwa na faili lililopitwa na wakati. Radi huua vifaa vya umeme, na eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Fundi aliyekuja kubadilisha kifaa kilichoungua, akarekebisha mambo mawili matatu bila kuhifadhi toleo jipya, anamwachia mwenye nyumba faili linalosema uongo kwa uhakika. Asiye na faili huenda kwa tahadhari. Mwenye faili la uongo hupakia bila wasiwasi, na hapo ndipo mambo yaliyokuwa yakifanya kazi huzimika.

Faili ni la nani

Wapo mafundi wanaokataa kutoa faili hata wakiombwa, na hoja zao zinastahili kusikilizwa kwa haki. Wanasema faili lina ubunifu wao, miundo waliyoijenga kwa miaka mingi, na kulitoa ni kumpa mshindani kazi ya bure. Wanasema pia kwamba mteja akiwa na faili humpa kijana yeyote mwenye kompyuta, naye akiharibu, lawama na dai la dhamana humrudia aliyeuweka mfumo. Hoja hii ya pili ina nguvu. Mtu aliyesaini kwamba mfumo uko salama hawezi kuwajibika kwa mabadiliko asiyoyajua.

Hoja ya kwanza ni dhaifu kuliko inavyosikika. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda programu za kompyuta, lakini pia inaeleza kwamba kazi iliyoagizwa, pasipo mkataba unaosema vinginevyo, haki yake ni ya yule aliyeiagiza. Fundi anaweza kubisha kwamba orodha ya anwani na mipangilio si programu aliyoitunga, ni matumizi tu ya programu ya kampuni nyingine. Akisema hivyo amejifunga mwenyewe, kwa sababu kama si utunzi wake basi hana ubunifu wa kuulinda. Kwa vyovyote vile, maelezo kwamba kitufe hiki kinawasha taa hii ni habari za nyumba ya mtu, na mwenye nyumba aliyelipa ana haki ya kuzijua. Kuhusu dhamana, dawa ni tarehe: faili likabidhiwe kama lilivyo siku hiyo, pande zote zisaini, na mkataba useme kwamba dhamana inakoma pale mtu mwingine atakapopakia mabadiliko. Kushikilia faili ili mteja asiwe na pa kwenda huitwa huduma, lakini kwa kweli ni kumfunga.

Njia zinazobishaniwa

Wanaopendekeza kuanza upya wana sababu nzuri mbele yao. Mfumo uliopangwa upya una majina sahihi, una faili jipya, na fundi anayeufanya anaweza kuusimamia kwa dhati. Kwa hoteli iliyo kando ya Nile yenye vyumba vilivyofanana, huenda hesabu ikakubali, kwani chumba kimoja kikipangwa vizuri vingine hunakiliwa. Kwa nyumba ya kawaida gharama ni kubwa kuliko faida: leseni ya programu, siku za kazi, na kipindi ambacho familia haijui kitufe kipi kinafanya nini. Pia kuna hatari isiyosemwa. Mipangilio ya zamani ilikuwa na mambo madogo ambayo watu wameyazoea bila kuyajua, kwa mfano taa ya ngazi inayozimika yenyewe baada ya muda, na mambo hayo hayarudi mpaka mtu ayakumbuke.

Wanaopendekeza njia ya mkato hufanya kosa ambalo linaeleweka. Fundi huchukua mradi mtupu, huingiza swichi ya aina ile ile, huandika maneno mapya, na kupakia. Kioo kinaonyesha "Watoto" na kila mtu anafurahi hadi kitufe kinapobonyezwa. Kupakia huko kumefuta anwani zote za zamani za swichi ile, kwa kuwa ETS hupeleka kile kilichomo ndani ya mradi, na mradi ule ulikuwa mtupu. Lebo imepatikana, kazi imepotea. Vifaa vya kizazi kipya vyenye ulinzi wa KNX Secure huzuia jambo hili kwa njia nyingine: funguo zake zimo ndani ya mradi, na faili likipotea kifaa hakimkubali mgeni mpaka kirudishwe katika hali ya kiwandani na kufunguliwa upya kwa msimbo uliochapishwa kwenye stika yake. Stika hiyo hubanduliwa na kutupwa na mafundi wengi kama takataka.

Njia ya tatu ni kujenga kumbukumbu upya kwa kusikiliza. Fundi huunganisha kompyuta kwenye waya wa kijani, hufungua dirisha linaloonyesha ujumbe unaopita, kisha msaidizi wake anapita chumba kwa chumba akibonyeza kitufe kimoja kimoja. Kila kinapobonyezwa, anwani inatokea na taa fulani inawaka, naye anaandika. Huongeza hapo anwani alizozisoma ndani ya vifaa. Ubora wa njia hii ni kwamba haigusi chochote wakati wa uchunguzi, kwa hiyo nyumba inaendelea kuishi. Udhaifu wake ni kwamba haioni mambo yasiyotokea siku ile, kama vile ratiba za usiku au masharti ya mvua na upepo kwenye mapazia, wala haipati thamani za mipangilio midogo. Wapinzani husema kumbukumbu yenye mapengo haina maana. Sikubaliani nao. Kumbukumbu yenye mapengo yaliyotajwa wazi ni msingi ambao fundi yeyote anayefuata anaweza kujenga juu yake, na kwa kubadilisha lebo inatosha kabisa.

Mifumo mingine ina taratibu zake. Control4, kwa mfano, huweka mradi ndani ya kidhibiti kilichomo nyumbani, kwa hiyo nakala haijaenda popote. Programu kamili ya kuuhariri, hata hivyo, hutolewa kwa mawakala walioidhinishwa tu. Hapo tatizo linahama kutoka kwenye faili kwenda kwenye mtu.

Swichi za Wi-Fi na akaunti ya mtu mwingine

Kwa nyumba nyingi za kawaida mjadala wa KNX uko mbali, kwa sababu swichi zinazonunuliwa ni za Wi-Fi za bei nafuu, zinazoendeshwa kwa programu ya simu kama Tuya au eWeLink inayotumiwa na vifaa vya Sonoff. Watu hudhani hizi hazina faili la mradi. Zinalo, ni akaunti. Fundi aliyefika kufunga swichi, kwa haraka na kwa nia njema, huziandikisha kwa barua pepe yake mwenyewe, na majina ya vyumba hukaa humo. Mwenye nyumba akipewa ruhusa ya kushiriki tu, anaweza kuwasha na kuzima lakini mamlaka yanabaki kwa fundi. Kutengeneza ni rahisi kuliko KNX: fundi hukiondoa kifaa kwenye akaunti yake, kwa kuwa baadhi ya vifaa havikubali akaunti mpya kabla ya hapo, kitufe hushikiliwa sekunde kadhaa hadi taa yake imeremete, nacho kifaa huandikishwa upya kwa simu ya mwenye nyumba. Ratiba hupotea, waya hauguswi.

Uzito wa jambo hili hauko kwenye lebo. Akaunti iliyobaki kwa mtu wa nje inamwezesha kujua taa zinawaka saa ngapi, yaani kujua nyumba ina watu au haina. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na habari za namna hii ni miongoni mwa zile ambazo mtu hapaswi kuzikusanya bila idhini. Kwa upande mwingine, hata akaunti iliyo mkononi mwa mwenye nyumba hutegemea seva ya kampuni iliyo mbali. Aprili 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima seva zake ghafla na wateja wakaamka programu zao za simu hazifanyi kazi. Baadaye baadhi yao walinunua kampuni ili kuifufua. Ndiyo maana wapo wanaopendelea Home Assistant, programu huria iliyoanza mwaka 2013, ambayo huweka majina yote kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba. Inahitaji mtu wa kuitunza, na palipo na umeme wa kukatika inahitaji betri ya akiba. Nakala yake huwekwa kwenye flashi na kubaki mikononi mwa mwenye nyumba.

Utaratibu unaofaa

Nikipima haya yote kwa hali ya Jinja na Mbale, naona utaratibu mmoja unaozishinda taratibu nyingine. Siku ya kwanza, maandishi ya karatasi na stika yabadilishwe popote programu isipohusika, kwa sababu ni nafuu, yanarekebishika na yanampunguzia mgeni au mtoto hatari ya kubonyeza asichokijua. Kabla ya kugusa kioo chochote chenye programu, kumbukumbu ijengwe kwa kusikiliza, chumba baada ya chumba, na kuandikwa kwenye karatasi na kwenye faili jipya. Kisha kifaa kimoja tu kibadilishwe, kipimwe kwa siku kadhaa, ndipo kingine kifuate. Wenye haraka watalalamika kwamba ni polepole. Ni kweli, na mwenye nyumba asiye na fedha ya kutosha anaweza kuishia hatua ya kwanza bila kuharibu chochote, jambo ambalo njia za mkato haziwezi kumwahidi.

Lazima pia itenganishwe lebo inayokera na lebo inayoua. Jina lisilo sahihi kwenye kitufe cha ukutani huwasha taa isiyokusudiwa. Jina lisilo sahihi kwenye breka ya bodi ya umeme humfanya fundi aamini kwamba waya wa volti 240 umekufa ilhali una moto. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zinataka kila bodi iwe na orodha ya mizunguko yake, na hapo hakuna nafasi ya kusubiri faili: kila breka ipimwe, iandikwe upya, orodha ibandikwe ndani ya mlango wa bodi yenyewe. Mwenye fedha za kazi moja tu azitumie hapa kabla ya swichi yoyote.

Lililobaki ni la makabidhiano ya nyumba zijazo. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, hutoa vibali kwa mafundi, na nyumba mpya haiunganishwi bila cheti cha fundi mwenye kibali kwamba kazi ya waya imekamilika. Cheti hicho kinahusu usalama wa waya, wala hakuna haja ya kusubiri sheria ibadilishwe ili kukiongezea karatasi moja ya mkataba kati ya mteja na fundi. Karatasi hiyo itaje faili la mradi na nenosiri lake, stika za siri za vifaa, orodha ya anwani na majina ya vyumba, na barua pepe ya akaunti ambayo ni ya mwenye nyumba. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka faili lifunguliwe kwenye kompyuta nyingine isiyo ya fundi, mbele ya wote wawili, na majina yaliyomo yalinganishwe na vitufe vilivyo ukutani.